Uzi: Tsambouna ya Wagiriki wa Tarpon Springs, kuanzia ngozi ya mbuzi mpaka kilimi cha tete

Mzee wa Matete

Wakuu salaam. Kwenye uzi wa zumari kuna aliyeuliza kama duniani kuna zumari ya mfuko mbali na ile ya Waskoti. Zipo chungu nzima. Leo naleta moja isiyotajwa sana: tsambouna ya visiwa vya Ugiriki, na hasa ile iliyovuka bahari ikaenda kukaa Florida pamoja na wapiga mbizi wa sifongo.

Tarpon Springs ni mji mdogo kwenye Ghuba ya Mexico, kaskazini ya Tampa. Mwaka 1905 John Cocoris, mfanyabiashara wa sifongo, alianza kuwaleta pale wapiga mbizi kutoka Ugiriki. Wengi waliofuata walitoka visiwa vya Dodecanese: Kalymnos, Symi, Halki. Walikuja na suti za kuzamia zenye kofia ya shaba, na dini yao, na mapishi yao, na ngoma zao. Barabara ya gatini mpaka leo inaitwa Dodecanese. Mpuliza tsambouna aliyejulikana zaidi pale ni Nikitas Tsimouris, mtu wa Kalymnos, ambaye mwaka 1991 alipewa National Heritage Fellowship, tuzo kubwa kabisa ya serikali ya Marekani kwa wasanii wa jadi.

Niseme hoja yangu mapema tusizunguke mbuyu. Watu husema chombo hiki kinapotea ughaibuni kwa sababu vijana hawakitaki. Uongo. Kijana anakitaka sana, kwa wiki tatu. Wiki ya nne kilimi, kile kipande cha tete kinachotetemeka na kutoa sauti, kinakufa, hakuna wa kumkatia kingine, na kiriba kinaishia ukutani kama picha ya babu. Chombo kinauawa na vipuri.

Viungo vyake ni vichache. Kuna kiriba cha ngozi ya mbuzi. Kuna kipulizio, bomba fupi la mti au mfupa, lenye kipande cha ngozi mdomoni mwa ndani kinachozuia pumzi isirudi. Halafu kuna kihori: kijiti kilichochongwa mfereji kama mtumbwi, na ndani yake mirija miwili ya tete imelazwa sambamba na kukazwa kwa nta ya nyuki. Kila mrija una kilimi chake, na kilimi hicho kinakaa ndani ya kiriba, hakigusani na mdomo. Mwisho wa kihori hupanuka kama pembe. Basi. Hakuna lile bomba refu la begani linalovuma sauti moja.

Kijana wa Gati

Mkuu, mbona picha nyingi za Wagiriki nazoziona zina bomba refu?

Mzee wa Matete

Hiyo ni gaida, ya Thrace na Makedonia, Ugiriki ya bara kaskazini. Mrija mmoja wa kuchezea na bomba refu la kuvuma. Watu wa visiwani hawana habari nayo. Krete wana ya kwao, askomandoura, ndugu wa tsambouna. Wagiriki wa Ponto, kule Bahari Nyeusi, wana touloum, nayo ni ya mirija miwili bila bomba la kuvuma. Ukiagiza chombo mtandaoni angalia sana, kuna wauzaji wanaandika jina lolote.

Na hata ukishapata tsambouna yenyewe, uliza matundu. Kuna 5+5, mirija yote miwili ina matundu matano na inasema kitu kimoja. Kuna 5+3. Kuna 5+1, ambapo mrija wa pili una tundu moja tu, yaani sauti mbili, nao unafanya kazi ya kuvuma huku ukirukaruka. Vidole vya 5+5 havifanyi kazi kwenye 5+1. Mwanafunzi akifundishwa na mtu wa aina moja huku ameshika aina nyingine atajiona mjinga miezi sita bure.

Binti Muscat

Naingilia kwenye neno. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji, tumelitoa kwenye kirba ya Kiarabu. Na huku Ghuba ya Uarabuni zumari ya mfuko inaitwa jirba au kirba, neno lilelile, au habban. Kuwait, Bahrain, Emirati na Oman ipo, na ng'ambo ya pili, Bushehr kusini mwa Iran, wanaiita ney-anban. Ngozi ya mbuzi, mirija miwili ya tete imefungwa sambamba, kidole kimoja kinaziba tundu mbili kwa mpigo. Ukimpa mpuliza jirba tsambouna ya 5+5 hatapotea sana, ila atatafuta tundu la sita. Kwa hiyo kwa Mswahili kuiita zumari ya kiriba ni sahihi kabisa.

Tofauti na zumari yetu ni kilimi. Zumari ni vipande viwili vya jani la mtende vinavyopigana, na vinakaa mdomoni. Kwenye tsambouna ni ulimi mmoja wa tete unaopiga juu ya tundu lake wenyewe, na hakuna mdomo wa mtu unaougusa. Ndiyo maana mpuliza zumari hurekebisha sauti kwa midomo anapoendelea, na mpuliza tsambouna hawezi. Kama alivyoitega asubuhi, yaani alivyoiweka sauti yake, ndivyo itakavyolia.

Kiriba Kavu

Mzee wa Matete umeruka ngozi, na ngozi ndiyo inayowashinda watu kabla hawajapuliza hata mara moja.

Bucha, iwe Florida iwe Kariakoo, humchana mbuzi tumboni. Ngozi iliyochanwa haifai, utashona mpaka uote mvi na bado itavuja. Unataka mbuzi mdogo, wa miezi sita hadi mwaka, avuliwe ngozi kama soksi. Pasua kutoka paja la nyuma hadi paja la pili, kisha vuta kuelekea kichwani huku ukisukuma ngumi kati ya ngozi na nyama. Kisu kiweke mbali. Kila mchubuko wa kisu upande wa ndani ni tundu miezi mitatu baadaye. Miguu ya mbele ikate magotini ili ngozi yake ibaki kama mikono miwili ya shati.

Pima uzito. Chumvi ya mawe iwe nusu ya uzito wa ngozi mbichi: ngozi ya kilo moja na nusu inakula gramu 750. Mimi naongeza shabu ya unga kama gramu 150, inaibana ngozi na kuifanya nyeupe. Paka upande wa nyama wote, hasa kwenye mikunjo ya kwapa, kunja, weka kivulini kwa siku 7 hadi 10. Kila siku kunjua, mwaga maji yaliyotoka, ongeza chumvi palipolowana. Baadaye kwangua nyama na mafuta yaliyobaki kwa kisu butu, suuza mara mbili tatu, kamua. Sasa kazi ya mikono: ivute na kuisugua wakati inakauka. Ukilala kabla haijakauka, asubuhi unakuta ubao.

Manyoya usinyoe. Punguza kwa mkasi yabaki sentimeta moja hivi, kisha pindua ngozi: manyoya ndani, upande wa nyama nje. Nyuma kunja mara mbili na kaza kwa kamba ya katani iliyopakwa nta, shingo vivyo hivyo. Mkono mmoja wa ngozi utashika kipulizio, wa pili kihori. Jaza pumzi, ziba, chovya kwenye beseni, tafuta mapovu. Tundu dogo haliwekwi gundi. Unaingiza kokoto laini au kifungo cha mti kwa ndani, ngozi inaipanda, unafunga shingo yake kwa uzi upande wa nje. Ukiona tsambouna kuukuu ina vichunusi vimefungwa uzi, ni hivyo.

Kijana wa Gati

Manyoya ndani? Si yatanuka, na si yatakuja kuziba vilimi?

Kiriba Kavu

Yananuka, ndiyo. Lakini pumzi ya mtu ni maji matupu. Ukipuliza nusu saa, mvuke wote unaingia kiribani na unatafuta pa kushika. Manyoya yanaukamata. Bila manyoya unashika kwenye vilimi, ulimi unavimba, sauti inashuka na mwisho unanata. Waliohamia viriba vya kitambaa cha kisasa kisichopitisha maji wanalijua hilo: hakivuji, hakinuki, hakiliwi na wadudu, na baada ya dakika ishirini vilimi vinalia kama paka mgonjwa. Ukilazimika kutumia cha kitambaa, shona ndani yake kipande cha ngozi ya kondoo, na kila mapumziko chomoa kihori ukipeperushe.

Nywele zinazodondoka ni kweli huingia kwenye ulimi. Dawa yake ni kuchana ndani kwa brashi ngumu kabla ya kupindua, mpaka zisitoke tena.

Halafu unyevu wa Florida. Chumvi ikibaki kwenye ngozi hunyonya maji hewani. Unatundika kiriba kikavu Juni, Agosti kimelowa chenyewe na kina ukungu wa kijani. Suuza vizuri mwanzoni, na usikiweke ndani ya mfuko wa plastiki kamwe. Mfuko wa pamba, mahali penye feni. Chumba cha kiyoyozi nacho kina balaa lake, kinakausha mpaka ngozi inalia kwaa kwaa. Pangusa kwa kitambaa chenye maji saa moja kabla ya kupiga.

Mzee wa Matete

Asante Kiriba Kavu, umemaliza. Sasa vilimi, ndipo penye mgogoro.

Tete ni Arundo donax, lile nene linalofanana na mwanzi. Florida lipo, limeota kama gugu kando ya mifereji. Likate Januari au Februari wakati utomvu uko chini, chagua lililoanza kugeuka manjano. Na mabaki usitupe mtoni: kipande chenye kifundo kikigusa udongo wenye maji kinaota upya, na majirani hawatakushukuru. Kwa mirija ya kihori unachukua shina. Kwa vilimi unachukua ncha au matawi membamba, kipenyo cha milimita 6 hadi 8, ukuta usizidi milimita moja. Kausha kivulini yakiwa yamesimama, mwaka mzima. Tete bichi linakatika vizuri na kulia vizuri, halafu wiki ya pili limepinda na hujui umekosea wapi. Hukukosea mahali, umekosea mwezi.

Kata kipande cha sentimeta 5 au 6, upande mmoja kifundo kibaki kimeziba, upande wa pili wazi. Ule wazi ndio unaoingia mrijani. Kwangua ganda linalong'aa pale ulimi utakapokuwa, taratibu, mpaka uone rangi imefifia. Weka kisu chembamba milimita 4 kutoka kwenye kifundo, ingiza kwa mshazari hadi theluthi ya kipenyo, kisha ukilaze kifuate nyuzi za tete na upasue polepole milimita 25 hadi 30. Usisukume kisu, kipinde kidogo, mpasuko unakimbia wenyewe. Ulimi sasa umeshikwa upande mmoja tu. Zungusha uzi mara sita hadi nane kwenye mzizi wake ili mpasuko usiendelee. Weka mdomoni chote, vuta midomo kuzunguka sehemu iliyo wazi, puliza. Kikilia kama bata, kipo hai.

Kisipolia sikiliza kinakataa namna gani. Hewa ikipita tu bila sauti, ulimi umeinuka mno: ubonyeze kwa kidole, uushike sekunde kumi karibu na balbu yenye joto, uachie. Kikilia kidogo kisha kikaziba ukiongeza pumzi, ulimi umelala mno au umekwanguliwa mno: pitisha unywele mmoja chini yake, usukume hadi mzizini, uache hapo. Sauti ikiwa juu kuliko unavyotaka, kwangua kidogo mzizini au weka tone la nta nchani, dogo kama kichwa cha kiberiti. Ikiwa chini, sogeza uzi nusu milimita kuelekea ncha ili ulimi ufupike, au kwangua ncha. Nusu milimita, wakuu, si milimita tatu. Na mkwanguo haurudi, kwa hiyo anza na uzi na nta, kisu kiwe cha mwisho.

Vilimi viwili vya tsambouna moja vitoke kwenye tete moja, vipande vilivyofuatana. Si ushirikina. Ukuta ukiwa sawa, vinaitikia mkandamizo sawa. Ukichanganya kigumu na kilaini, utaviweka sawa ukiwa umetulia, na mara mkono ukibana kiriba kwa msisimko kimoja kinapanda kingine kinabaki.

Sikio la Nne

Hapo pa kuviweka sawa tuongeze. Puliza kwanza dakika kumi hadi kumi na tano kiriba kipate joto, ukitega mapema utatega mara mbili. Ziba matundu yote. Mirija miwili ikitofautiana kwa hezi 2, yaani mitetemo miwili kwa sekunde, utasikia wimbi mara mbili kwa sekunde, wau-wau. Wengi wakisikia wanadhani ni kosa. Likiwa la polepole ndilo linaloipa tsambouna mkwaruzo wake, sauti inayotetemeka hewani. Likiwa la haraka, mara tano sita kwa sekunde, linaumiza kichwa. Tega mpaka likaribie kutoweka, kisha uache kidogo.

Halafu panda tundu kwa tundu. Ikiwa matundu yaliyofungwa yanapatana lakini la tatu halipatani, usiguse kilimi. Tundu la mrija ulio juu kwa sauti lizibe kidogo kwa nta upande wa kilimi, sauti inashuka. Ulio chini ongeza tundu kwa kukwangua upande huohuo wa kilimi. Watu wanaharibu vilimi vizuri wakitafuta kosa lililokuwa kwenye tundu.

Nahodha wa Mtaa wa Pili

Mzee wa Matete, somo zuri, lakini hoja yako ya mwanzo naipinga. Vipuri vinaagizwa. Kuna mafundi visiwani, na kuna vilimi vya plastiki ambavyo havijui unyevu. Angalia sherehe ya Kigiriki ya ughaibuni inavyokwenda: kinanda cha umeme, bouzouki (chombo cha nyuzi kama gita), spika mbili kubwa kama makabati. Mwimbaji anaimba wimbo mmoja kwenye D, wa pili kwenye F. Tsambouna ina sauti sita. Sita! Matundu matano na kufunga yote. Haipandi oktava, haibadilishi ufunguo, haijui kunyamaza. Kiongozi wa bendi hana pa kuiweka, kwa hiyo hamwiti mpigaji. Asipoitwa mwaka mzima, hata kilimi bora kinapinda kwa kukaa kavu. Wewe unaona kilimi kilichokufa unasema ndicho kilichoua. Mimi naona maiti.

Mzee wa Matete

Nahodha, nusu nakupa. Kilimi kisichopigwa kinakufa haraka kuliko kinachopigwa, hiyo kweli. Lakini bendi yenye akili inaipatia nafasi, na haihitaji muujiza.

Jambo la kwanza: tsambouna ndiyo inayotawala, wengine wanaifuata. Fidla inakaza nyuzi zake kuifuata. Laouto, chombo cha nyuzi cha jamii ya udi, ina vizuizi vya uzi vilivyofungwa shingoni, vinasogezwa, kwa hiyo ile noti ya tatu ya ngazi, ambayo kwenye tsambouna hukaa katikati ya tatu kubwa na tatu ndogo, inapatikana. Bouzouki na gita vina vizuizi vya chuma, vitagombana tu na hiyo ya tatu. Basi wapigaji wake wapige noti ya kwanza ya ngazi na ya tano peke yake, ya tatu waiache. Kinanda cha umeme nacho kina sehemu ya kusogeza mtego wake wote kwa senti, yaani vipande vidogo sana vya sauti. Kisogezwe kabla ya watu kuingia, si katikati ya ngoma.

La pili: usiitie tsambouna kila wimbo. Kusanya sousta na issos, ngoma za visiwani, zipange mfululizo wa dakika ishirini kwenye ufunguo wake, halafu ipumzike na vilimi vikauke. Kidesturi hata hiyo bendi haihitajiki. Tsambouna na toumbaki, kale kangoma ka pande mbili kanakopigwa kwa vijiti, vinatosha kuchezesha uwanja mzima.

La tatu: maikrofoni isiwekwe mdomoni mwa pembe. Sauti inatoka pia kwenye matundu, na ukiweka karibu na pembe noti ya chini itafunika zote. Kaa sentimeta 40 juu ya mikono, ukilenga katikati ya matundu.

Nafasi zipo pia nje ya ukumbi. Januari 6 pale Tarpon Springs maandamano hutoka kanisa la Mtakatifu Nicholas mpaka Spring Bayou, vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaruka majini kuutafuta msalaba, na baada ya hapo ni kula na kucheza. Nje, kwenye upepo, chombo chenye kelele kama hiki hakihitaji spika.

Nahodha wa Mtaa wa Pili

Vilimi vya plastiki umevikwepa.

Mzee wa Matete

Sijavikwepa, sivipendi. Kwa mwanafunzi ni sawa kabisa, mwaka wa kwanza ajifunze vidole na mkono badala ya kulia na kisu. Vinashika mtego hata hewa ikibadilika. Ila vinalia safi mno, mkwaruzo haupo, na anayevizoea hajui kurekebisha chochote. Siku kimoja kinapasuka ndiyo mwisho wa habari.

Sikio la Nne

Kwa kuwa Nahodha amesema haijui kunyamaza, hapo ndipo penye ufundi wote wa vidole. Kiriba hakikati sauti. Ukitaka kupiga noti moja mara mbili huwezi kuacha pumzi, kwa hiyo unaikata kwa kidole: gusa tundu jingine haraka, lifunge, rudi. Mguso ukiwa mrefu unasikika kama noti iliyokosewa, ukiwa mfupi sana hausikiki. Anayeanza afanye zoezi moja kwa wiki mbili: noti ileile, mguso mmoja kila pigo la mguu, bila wimbo. Linachosha na halina njia ya mkato.

Vidole vilale bapa. Kwenye 5+5 kila kidole kinaziba tundu mbili, ncha ya kidole haitoshi, tumia nyama ya kati. Ukisikia mluzi mwembamba, tundu moja kati ya hayo mawili linavuja, na mara nyingi ni la mrija wa nje.

Na mkono unaobana kiriba kwapani. Makosa ya wanaoanza ni kupuliza na kubana kwa wakati mmoja. Ukipuliza, kwapa lilegee. Ukivuta pumzi, kwapa libane. Mkandamizo uwe mmoja saa zote. Sauti ikipanda na kushuka kila unapovuta pumzi, mkono unachelewa.

Mwana wa Mizani

Naongeza la ushairi maana hamjaligusa. Tsambouna haiongozi miguu tu, inaongoza na majibizano. Mtu anatunga papo kwa papo mistari miwili yenye vina, anamchokoza au kumsifu mwenzake, mwenzake anajibu, na chombo kinapiga kiitikio katikati kumpa muda wa kufikiri. Mstari wao una mizani 15, nane na saba. Sisi kwenye shairi tunatembea na 16, nane na nane. Ule upungufu wa mizani moja mwishoni ndio unaompa mwimbaji pa kuvuta pumzi, na mpuliza pa kuingilia. Anayejifunza chombo bila kujua kuhesabu mstari ataingilia katikati ya neno la mwenzake. Ni utovu wa adabu sawa na kumkata mtu kauli barazani.

Kijana wa Gati

Kuna ngoma nimeona video yake, anayeongoza ana fimbo na miguu inamtetemeka kama ana homa. Hiyo inapigwa na tsambouna?

Sikio la Nne

Hiyo ni Mihanikos, ya Kalymnos, na kwa kawaida ni fidla na laouto. Haitetemeki kwa homa. Suti ya kuzamia ilipofika visiwani humo miaka ya 1860, wapiga mbizi waliweza kwenda chini zaidi na kukaa zaidi, na hawakujua hatari ya kupanda haraka. Hewa iliyoyeyuka kwenye damu inatoka kama mapovu, kama soda iliyofunguliwa, na wengi walipooza miguu au kufa. Anayeongoza mstari anacheza mtu huyo: anaegemea fimbo, goti linakataa, anainua mguu mmoja ukining'inia, mstari mzima unampunguzia mwendo. Vijana wa Tarpon Springs wanaicheza. Mtu wa tsambouna akiwa kwenye bendi hapo anakaa kimya, na ni sawa. Fidla inaweza kupunguza sauti mpaka ikawa uzi, kiriba hakiwezi.

Kanuni moja ya jumla: anayepiga amtazame wa mbele kwenye mstari. Yeye ndiye anayebuni hatua, wengine wanafuata. Mpuliza anayetazama vidole vyake anapiga peke yake.

Kiriba Kavu

Kabla uzi haujalala, mambo mawili ya Florida. Usiache chombo garini. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini inalainika mapema zaidi, na gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 bila shida. Utarudi ukute mirija imeteleza ndani ya kihori, imepishana milimita mbili, na mtego wote umekwenda. Kuirudisha: pasha kwa kikausha nywele, panga matundu yakabiliane kwa kutumia kijiti kilichonyooka, acha ipoe bila kugusa. Ukitaka nta ngumu zaidi changanya ulimbo wa msonobari, sehemu moja kwa nne za nta. Ukizidisha, inapasuka siku ya baridi.

La pili, wadudu wa ngozi. Ukiona unga kama wa mbao chini ya kiriba na vitundu mviringo, kifunge kwenye mfuko, kiweke kwenye friza wiki mbili, kisha kichane ndani. Hapo tu ndipo plastiki inaruhusiwa.

Kijana wa Gati

Wakuu, swali la mwisho. Mtu anapokwenda kupiga harusini abebe vilimi vingapi, na kimoja kikifa katikati ya sousta anafanya nini?

Mzee wa Matete

Usibebe vilimi, beba kihori cha pili kizima, kikiwa na vilimi vyake viwili vimetegwa kwa kile cha kwanza. Tundu la ngozi liwe la kipimo kimoja, kiingie bila kufungua kamba. Kilimi kikifa kikiwa kimeziba, endelea na mrija mmoja mpaka mwisho wa ngoma, watakaogundua ni wawili. Kikifa kikiwa wazi hewa yote inatoka, hapo mpe ishara mtu wa toumbaki aendelee peke yake, chomoa, chomeka, jaza kiriba: nusu dakika ukiwa umejizoesha nyumbani. Vilimi vya akiba kaa navyo kwenye kopo la peremende lenye pamba, kila jozi imefungwa uzi wake pamoja, na uandike kwa penseli tarehe uliyoikata.

Siku mbili kabla ya shughuli kila jozi ipulizwe dakika kumi. Jozi iliyolala kwenye kopo msimu mzima haijui kuamka mbele ya watu.

Nahodha wa Mtaa wa Pili

Hapo kwenye kuipuliza siku mbili kabla, umerudi kwangu.

Mzee wa Matete

Nilisema nusu nakupa.